Wageni wa Amuri Saliboko

Kamati ya ukumbusho wa Amuri Saliboko ilikuwa na watu tisa, na saba kati yao walikuwa marais. Kulikuwa na rais, rais wa heshima, makamu wa rais, makamu wa rais wa heshima, na wengine watatu ambao walikuwa marais wa vitu ambavyo wao wenyewe walikuwa wameshavisahau. Wa nane alikuwa imamu, ambaye hakuhitaji cheo cha pili. Wa tisa nilikuwa mimi, Fadhili, sekretere, kwa sababu nina diploma ya serikali na mwandiko unaosomeka, na kwa sababu Amuri Saliboko alikuwa baba wa koko yangu, yaani bibi yangu.

Katika mkutano wa kwanza nilisema kwamba kama marehemu angekuwa na wafuasi wengi kama marais wake, Wabelgiji wangefunga mizigo mwaka wa hamsini na tano. Wote walicheka isipokuwa rais mwenyewe, tonton Waziri, mjomba wa mtaa mzima, aliyefundisha historia miaka thelathini na tano na bado anakuangalia kana kwamba hujaleta kazi ya nyumbani.

"Fadhili," akasema, "ile michezo yako andika ku mukono. Ku ripoti andika maneno ya akili."

Basi nitaandika ya akili. Amuri Saliboko alikuwa fundi cherehani hapa Mangobo, Kisangani. Mwaka wa hamsini na tisa alianzisha Ligi ya Vijana, akawashonea wafanyakazi wa bandari mashati ya kitambaa kimoja, bila kola, ili askari wakose pa kuwakamatia. Siku ya maandamano askari alimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili ya chini, ya mbele, yakaruka. Tangu siku hiyo alikuwa akisema "uhuru" na upepo unatoka katikati ya neno, na vijana wa mtaa wote wakaanza kusema "uhuru" vilevile, wenye meno yote. Uhuru ulipokuja, yeye hakunyamaza. Aliwauliza waliohamia katika nyumba za wazungu watahama lini. Mwanzo wa mwaka wa sitini na moja walimchukua saa saba mchana, akiwa ameshika utepe wa kupimia kiunoni mwa mteja. Watu walisema alitupwa mtoni, juu ya maporomoko. Mteja hakurudi kudai suruali.

Koko Ramla, mama wa mama yangu, alikuwa na miaka mitano. Sasa ana sitini na minane, na ana sukari. Kila Idi, watu wa nyumbani wakienda makaburini, yeye hubaki kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, kwa sababu kuzuru kaburi kunahitaji kaburi. Mwaka huu mguu wake wa kulia ulianza kuwa mweusi kuanzia kidole gumba. Daktari alisema ukatwe mara moja. Koko akamwambia ngoja.

"Nitakuja unikate nikishamuzika baba," alisema. "Mbele ya kaburi yake nitasimama na miguu mbili. Alinijua na mbili."

Daktari aliniangalia mimi, kwa sababu watu wakishindwa na koko huniangalia mimi. Nilimwambia hata sukari inamwogopa, inapanda polepole kutoka chini. Hakucheka. Akasema tuna mwezi mmoja, labda na wiki.

Kwa hiyo kamati ilipokubaliana kujenga ukumbusho mahali palipokuwa na cherehani ya Amuri, kila mmoja alikuwa na lake. Marais walitaka siku yao na ujumbe wa mkoa umekaa mstari wa mbele. Koko alitaka mifupa. Na mifupa hakuna aliyejua iko wapi, mpaka Papa Cyprien alipokuja.

Alikuja katikati ya mkutano, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mvuvi wa Wagenia, watu wa maporomoko, mzee, mabega mapana na magoti yaliyokwisha. Tonton Waziri alidhani anauza samaki, akamwambia arudi kesho.

"Jambo yenu, bakubwa," akasema Papa Cyprien. "Mutu mwenye munatafuta, iko kwetu."

Tukampa kiti. Rais wa heshima ndiye aliyesimama, na hiyo peke yake inakuonyesha uzito wa siku.

Alieleza. Baba yake alikuwa na mitego pale penye miti mikubwa iliyosimikwa kwenye miamba, vile vikapu vya kamba za porini vinavyomeza mtu mzima bila kutafuna. Asubuhi moja akavuta kikapu kizito, akakuta Amuri Saliboko. Alimtambua kwa sababu Amuri ndiye aliyemshonea koti la harusi. Aliogopa kumrudisha mjini. Akamtafuta mfanyabiashara mmoja Mwislamu, rafiki yake, amwambie namna watu wa dini hiyo wanavyolazwa. Rafiki akamwambia: ubavu wa kulia, uso upande huu, akamnyooshea kidole. Wakamzika wao wawili, nyuma ya miamba, mahali maji hayafiki.

"Baba alinikataza kusema mupaka batu baulize bila bunduki," akasema. "Miye nimesikia mutangazaji wenu na megafoni. Megafoni haiko bunduki. Donc nimekuja."

Nilikwenda nyumbani mbio kumwambia koko. Alikuwa akichambua mchicha. Aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha, kisha akaniambia nimtolee kanga nyeupe sandukuni, ile ambayo hajawahi kuivaa.

Tulichimba siku ya Jumanne, siku tisa kabla ya sherehe. Tulikuwa mimi, Papa Cyprien, imamu, tonton Waziri na vijana wawili wenye sepetu. Koko tulimleta kwa pikipiki mpaka mwisho wa njia, kisha tukambeba na kiti chake, kama malkia aliyekosana na viatu. Tukamweka kwenye kivuli cha mwamba. Maporomoko yalikuwa yakipiga kelele zao, kwa hiyo kila neno tulilisema mara mbili.

Fuvu la kwanza lilitoka hata kabla shimo halijafika magotini. Nilitupa sepetu nikaanza kufagia kwa mikono. Mifupa ilikuwa imelala ubavu wa kulia, imekunja magoti kidogo, uso umeelekea kibla sawasawa. Imamu alipima mwenyewe kwa simu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kusoma. Koko alishika mikono ya kiti akainuka. Tonton Waziri alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Kisha kijana mmoja upande wa pili akasema, "Tonton, huku pia."

Huku pia kulikuwa na fuvu. Ubavu wa kulia, uso kibla. Pembeni yake lingine. Ubavu wa kulia, uso kibla. Imamu aliacha kusoma. Tuliendelea kuchimba kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuacha, na ilipofika saa tisa alasiri tulikuwa tumefunua watu kumi na mmoja, wamepangwa mstari mmoja, kila mmoja akiangalia mgongo wa mwenzake, kama wanasali.

Tonton Waziri alimgeukia Papa Cyprien. "Papa, hii ni nini?"

"Ni bageni yake."

"Bageni gani?"

Papa Cyprien alikaa chini. "Muto haikuleta mumoja tu, mwalimu. Kila vita ilileta bake. Vita ya Simba ilileta. Vita hizi za juzi, zile zilileta mingi. Mutu akiingia ku mutego yako, njo wako, unamuzika. Baba akasema, huyu Amuri ni mukubwa, bengine balale kwake, hawataogopa. Alipokufa baba, miye nikaendelea."

"Na kulala kwa ubavu? Kibla?"

"Tuliona mukubwa analala vile. Tukafikiri njo namna ya kuzika mutu wa maji."

"Kwa nini hukutuambia kama beko kumi na moja?"

"Hamukuuliza. Mulisema munatafuta mumoja."

Mimi nilikuwa na mzaha tayari mdomoni: kwamba hata huko chini Amuri amepewa kamati. Ulikuwa mzaha mzuri. Nikaangalia koko, nikaumeza, na mpaka leo sijui ulishukia wapi.

"Yeye ni wa kwanza," akasema koko kutoka mwambani. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Donc iko mwisho wa mustari. Mwisho gani?"

Papa Cyprien alitazama mikono yake. "Mama, mwaka ule maji ilipanda sana, tulibatoa bote, tukabapandisha hapa. Tulibapanga upya. Tulibapanga vizuri sana."

Kwa kweli walikuwa wamepangwa vizuri. Katika maisha yangu sijawahi kuona watu wa Kisangani wamepangwa vizuri namna ile. Ishara moja tu ilikuwepo ya kumtambua Amuri Saliboko, na wavuvi wale, kwa heshima, walikuwa wamempa kila mtu.

"Meno," akasema koko. "Mama aliniambia. Mbili ya chini, ya mbele."

Tulizunguka mmoja mmoja. Wanne hawakuwa na taya. Mmoja alikuwa mtoto, tukampita haraka. Watatu walikuwa wamebakiwa na magego tu, na watu waliobakiwa na magego tu wamejaa mji huu wakiwa hai. Mmoja alikuwa na shanga kiunoni. Wawili walikuwa na meno yote, mazuri, kama wametoka kuyapiga mswaki. Mwenye pengo la meno mawili hakuwepo.

Koko alirudi kitini. Hakulia. Alikunja ile kanga nyeupe ikawa ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka ikaenea katika kiganja.

Tonton Waziri alinivuta nyuma ya mwamba.

"Ujumbe wa mukoa umekubali kuja," akasema. "Bamba limeshaandikwa. Lakini hiyo si kitu, Fadhili, hiyo tunaweza kueleza. Ule muguu wa koko yako umesikia harufu yake leo?"

"Nimeisikia."

"Akirudi nyumbani hivi, hatakubali kukatwa. Unamujua."

"Namujua."

Akasafisha koo, akatumia sauti yake ya darasani, ile ya kueleza vita ambavyo yeye hakupigana. "Jino la mufu halina nyama inayolishika. Linatoka bila shida." Kisha akaenda kwa koko, akageuza kiti chake taratibu ili amwonyeshe mahali baba yake Papa Cyprien alipokuwa akitega.

Imamu alikuwa amekwenda kutawadha. Vijana walikuwa wakinywa maji. Papa Cyprien aliniona, na akageuka kuangalia upande mwingine, sitamsahau kwa hilo.

Nilimchagua wa tatu kutoka kushoto, mmoja wa wale wawili wenye meno yote. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mrefu, na kwa sababu alikuwa kamili, na nilitaka koko apate baba kamili. Kitu kimoja tu kilikuwa na kasoro: mfupa wa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ulikuwa umewahi kuvunjika na kuunga vibaya, umepinda kama mpini wa jembe la mvivu. Nilijiambia koko alikuwa mdogo, hatakumbuka mikono. Nilitoa koleo la kukatia waya katika mfuko wa zana. Jino la kwanza lilitoka kama tonton alivyosema. La pili halikutaka. Nilitia goti langu kifuani mwake ili nipate nguvu. Nikayatupa yote mawili mtoni, nikaita, "Koko, njoo uone huyu tena, alikuwa na udongo mdomoni."

Akaja akiniegemea. Akainama, jambo ambalo mwezi mzima hakuliweza, akatia kidole katika pengo. Alikiacha pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nikihesabu mawe.

"Njo yeye," akathibitisha.

Sherehe ilikwenda kama sherehe zinavyokwenda. Marais saba walisema maneno machache, ndiyo kusema masaa matatu na nusu. Ujumbe wa mkoa ulifika umechelewa ukaondoka mapema, kwa hiyo ulisikia marais wawili tu, watu wenye bahati. Mimi nilisoma ripoti: kwamba mwili ulitambuliwa na binti wa marehemu, kwamba meno mawili ya chini hayapo, sahihi za marais saba na ya sekretere. Tulimshusha akiwa ndani ya sanda, ubavu wa kulia, tukafunika zege, tukaweka vigae vyeupe na bamba lenye jina. Koko alisimama na miguu miwili, ndani ya kanga yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na alipomaliza kusoma Fatiha alinipa mkono nimkalishe, mkono mwepesi kama wa msichana.

Jumatatu iliyofuata alikatwa mguu. Daktari alisema tumewahi. Usiku ule wa kwanza aliporudi nyumbani alilala bila kugeuka, mama yangu akaniambia, "Toka nizaliwe sijamuona amelala vile." Nilijiambia kwamba meno mawili ni bei ndogo. Nilirudia kusimulia mizaha.

Wale kumi waliobaki waliwekwa katika magunia ya mchele na kupelekwa ghala moja la ofisi ya mkoa, kungoja uchunguzi. Bado wanangoja.

Wiki ya tatu alinitafuta mama Félicité. Kila mtu Mangobo anamjua: anakaanga mikate karibu na kituo cha pikipiki, na huwa ananiita sekretere wa bamarais, ananiongezea mkate mmoja nikimchekesha. Siku ile hakuwa na sufuria wala mwiko. Alikuwa amevaa kama wa kanisani.

"Sekretere, nakuomba kitu ya akili," akasema. "Unaweza kukaa bila mchezo dakika tano?"

"Nne, mama. Ya tano sijawahi kujaribu."

Hakucheka, nikakaa.

Alinieleza habari za Israël, mdogo wake. Mwaka ule wa vita, miaka ishirini na miwili iliyopita, askari walipita mtaani wakachukua vijana kwa lori, lori likaelekea upande wa juu wa mto. Israël alikuwa na miaka kumi na tisa. Félicité alikimbia nyuma ya lori mpaka viatu vikakatika. Sasa alikuwa amesikia habari ya mifupa ya Wagenia. Alikwenda kwenye ghala, akamsihi mlinzi siku tatu, siku ya nne mlinzi akamfungulia magunia yote kumi.

"Nilimutafuta mufupa kwa mufupa," akasema. "Hayuko. Najua nitamujua. Akiwa mutoto alianguka ku muti ya matunda ya safu, akavunja mukono, huu wa kushoto, hapa. Papa alimufunga na vijiti. Alimufunga vibaya, ikaunga imepinda. Tulikuwa tunamucheka, tunasema Israël akikusalimia anasalimia jirani."



"Na meno?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Meno ilikuwa yote. Alikuwa anafungua nayo chupa, mama anamugombeza." Akanisogelea. "Ule wa kumi na moja, mwenye mulizika. Najua ni baba ya mama Ramla, sisemi kitu. Lakini weye ulichimba. Ulimuona mukono?"

Watu wote wa Mangobo watakuambia kwamba Fadhili hajawahi kukosa jibu. Nilisema, "Sikuangalia."

Alinishukuru. Alinishukuru na kuondoka, na nilimwona akisimama mbele ya vigae vyeupe, asiguse, kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Nilimwambia koko siku hiyohiyo. Alikuwa kitandani, blanketi likishuka ghafla pale mguu ulipoishia. Nilimwambia yote, koleo, goti langu kifuani, mtoni, mkono, Israël. Nilisema haraka kama mtu anayetapika. Alinisikiliza akiangalia dari.

"Shimo ya jino ya zamani inajifungaka," akasema nilipomaliza. "Mufupa inaifunga. Miye mwenyewe niko nazo sita, nazijua na ulimi. Yule, kidole yangu iliingia mupaka ndani. Ilikuwa mupya."

"Ulijua?"

"Nilijua mbele ya kutoa kidole."

"Sasa kwa nini ulisema njo yeye?"

Alivuta blanketi mpaka kifuani. "Nilichoka, mwanangu. Nilikuwa nimechoka kusimama pale na kukosa."

"Koko, mama Félicité anamutafuta ndugu yake."

"Nasikia."

"Amemutafuta miaka ishirini na mbili."

"Miye nilitafuta sitini na tatu," akasema koko. "Yeye angoje. Nikikufa, mufungue, mumupe mutu yake. Sitakawia."

Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga foleni ya maji. Huyo ni mwanamke anayegawa nusu ya chakula chake kwa kila mtoto anayepita. Nilitoka nje nikakaa kwenye kiti chake.

Nilijipa siku mbili za kufikiri, na katika siku hizo nilipita njia ya nyuma ili nisipite penye mikate. Siku ya tatu nilipita ya mbele. Mama Félicité alikuwa akitumbukiza unga katika mafuta. Nilimwambia pale pale, kwa sauti ndogo. Aliendelea kutumbukiza, donge moja, donge lingine, mpaka sufuria ikajaa.

"Meno yake iko wapi?" akauliza.

"Nilitupa ku muto."

Akatikisa kichwa kidogo. Akageuza mikate. "Basi muto imemukula mara mbili," akasema, na hakunitazama tena.

Alikwenda kwa tonton Waziri. Nilimfuata, nikasema mbele yake kwamba ni kweli, ni mimi, ni koleo langu. Tonton alivua miwani, akaivaa. Alisema kaburi la shujaa halifunguliwi kwa maneno. Alisema kuna ripoti.

"Ripoti niliandika miye, tonton. Ni ya uongo."

"Uko na sahihi saba juu ya yako, Fadhili."

"Zote ziliandikwa na batu benye walikuwa bakinywa soda."

"Unaona?" Akamgeukia mama Félicité kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililonikata maini. "Mama, huyu kijana unamujua. Anacheka na kila kitu. Hata siku ya msiba ya mama yangu alichekesha batu."

Ni kweli, nilichekesha. Nilikwenda kwa marais wengine sita, mmoja mmoja. Wawili walicheka kabla sijamaliza. Makamu wa heshima alinipiga begani akasema hii umezidi, lakini ni nzuri, na akaniomba niirudie kwa mke wake. Papa Cyprien nilimkuta kwenye miamba, akafunga kamba zake akasema yeye alikuwa ameangalia upande mwingine, na kwa hiyo hakuona. Katika mji mzima kulikuwa na mtu mmoja ambaye neno lake lingevunja zege lile, na mama Félicité aliling'amua hilo bila mimi kumwambia.

Alikuja nyumbani Alhamisi, saa kumi. Alileta mikate ndani ya bakuli lenye kitambaa. Koko alikuwa amekaa mlangoni. Walisalimiana, wakaulizana afya, mguu, watoto. Kisha mama Félicité akapiga magoti chini, si kwa kuomba, ila ili macho yao yawe sawa.

"Mama Ramla, nitauliza mara moja tu. Mwenye analala pale, ni baba yako?"

Koko alimtazama vizuri. Mkono wake ulikwenda kwenye paja, ukateremka mpaka pale mguu unapokwisha, ukakaa hapo.

"Njo baba yangu," akasema.

"Bon," akasema mama Félicité. Akasimama, akakung'uta magoti. Bakuli aliliacha.

Nilitoka mbele yake nikamngoja njiani. Nilidhani atanipiga, na ningemsaidia. Aliniuliza neno moja tu: "Kichwa yake mulielekeza wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono upande ambao kichwa kiko, na upande ambao uso unaangalia.

Tangu hapo, kila Ijumaa nampeleka koko kwenye ukumbusho kwa kiti cha magurudumu, baada ya sala. Ijumaa ya kwanza tulimkuta mama Félicité ameshafika. Alikuwa ametandika kitenge upande wa mbele, pale uso unapoangalia, na rozari mkononi. Koko aliniashiria nimweke upande wa mgongo. Hawakusalimiana. Mmoja alianza Fatiha, mwingine alianza Salamu Maria, na hakuna aliyepunguza sauti wala kuipandisha. Watu waliokuwa wakipita walisema ni jambo zuri, dini mbili kwa shujaa mmoja. Tonton Waziri alipiga picha.

Jua lilikuwa kali. Mama Félicité hakuwa na mwavuli, na hakuondoka mpaka sisi tulipoondoka. Nilikuwa nikisukuma kiti kuvuka barabara, pikipiki zikitupigia honi kila upande, ndipo koko aliponiuliza bila kugeuka.

"Ndugu yake alikuwa anaitwa nani?"

"Israël."